Soketi ya Tatu Nyuma ya Kiti cha Dereva

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako na unisamehe mwandiko, naandikia juu ya goti moja, la pili amelala mwanangu wa miezi minane, na shule yenyewe niliiachia njiani, ila safu yako naisoma kila wiki pale kwa muuza magazeti na naona watu unawagombeza lakini huwacheki.

Mume wangu ni dereva wa lori la mbao, lori kuukuu, limenizidi umri, mwenyewe analiita Bibi na anasema Bibi haendeshwi, anabembelezwa. Anaondoka Jumatatu, anarudi Ijumaa, na Jumapili kazi yangu ni kulisafisha ndani, tangu tuoane hiyo ni kazi yangu, nafagia, napangusa dashibodi, lile godoro la nyuma ya viti nalitoa nalianika juani, kwa hiyo mle ndani napajua kama jikoni kwangu na kitu kigeni kikiingia mimi ndiye wa kwanza kukiona.

Sasa huu ni mwezi wa pili. Alianza kwa kufunga soketi moja ya kuchajia simu pale dashibodi, nikasema sawa, dereva bila simu ni kama kipofu bila fimbo. Haikupita wiki nakuta ya pili karibu na gia, nikaipangusa nikaendelea na kazi. Jumapili iliyofuata natoa godoro, naona ya tatu, iko chini kabisa nyuma ya kiti chake, pale ambapo mtu akilala ndipo kichwa kinapokaa, tena imezibwa na godoro kama kitu cha kufichwa. Nikamuuliza, "Baba, hii ya nini?" Akasema, "Ya feni." Nikasema, "Feni ya nani?" Akasema, "Ya joto, mke wangu, feni huwa ni ya joto." "Iko wapi hiyo feni?" "Nitanunua." Mshauri, wewe umewahi kuona mtu ananunua kamba hajanunua ng'ombe? Na chini ya mto nikakuta chaja ya mdomo wa duara ambayo haiingii kwenye simu yake wala yangu, nimeijaribu kwa mkono wangu huu.

Nikamweleza wifi yangu, dada yake wa tumbo moja, akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia, "Wifi, mwanamume akianza kupamba gari kama chumba, ujue kuna abiria." Sasa ikiwa dada mtu anasema hivyo, mimi wa kuja nitasema nini?

Tena kuna hili la kuchelewa. Zamani Ijumaa mchana alikuwa ameshafika, siku hizi mpaka jioni, nikiuliza ati asubuhi lori liligoma kuwaka, ati betri moja ni nzima na ya pili imekufa, ati alitafuta watu wa kumsukuma. Mimi betri sizijui, lakini mapacha wanaokula sahani moja hawawi mmoja ananenepa mwingine anakonda, au nakosea? Nikasema moyoni, huyu ananitengenezea hadithi, na mtunzi mwenzake ni huyo rafiki yake fundi simu aliyemfungia hizo soketi, maana ni mtu wa maneno matamu na nikiingia wao wawili hunyamaza.

Hapa ndipo penye kosa langu na ndipo naona aibu. Siku ile ya soketi ya tatu nilimwona fundi simu akimwonyesha kile kidude chenye miguu miwili wanachokiita fyuzi, ati bila hicho moto wa umeme haupiti. Basi Jumapili iliyofuata nikiwa peke yangu mle ndani nikakichomoa cha ile soketi ya nyuma, nikakificha kwenye kopo la poda ya mtoto. Nilifikiri hivi, kama hakuna mtu anayelala pale na kuchaji vitu vyake, basi hakuna atakayejua kuwa soketi imekufa. Ijumaa amerudi, kimya, hakuuliza kitu. Jumapili naenda kuchungulia pale pa fyuzi, nakuta karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, imekunjwa ikasokomezwa mle kwa nguvu. Moyo ukanipasuka! Kumbe kuna mtu alilala pale akakosa moto akalalamika, na mume wangu akamhangaikia!

Nilitaka kusahau, godoro lilikuwa na doa la kahawia upande ule, upana wa kisosi, na waya wenyewe ngozi yake imelainika kama mshumaa uliokaa juani, na palinuka plastiki. Yeye anasema ni joto la injini.

Jumamosi ijayo anatupeleka kwa mama yangu ambaye hajamwona mjukuu wake tangu azaliwe, ni mwendo wa kutwa nzima, na amesema mtoto atalala nyuma kwenye godoro ili mimi nipumzishe mikono. Nilikuwa nimefurahi kweli, hata kanguo ka mtoto nimeshakafua. Sasa nauliza, nimkabili kabla ya safari anitajie huyo mwanamke ni nani, au ninyamaze niingie garini nichunguze kutwa nzima mpaka nipate ushahidi? Nampenda, mshauri, na naamini na yeye ananipenda, ndiyo maana sitaki kuharibu.

Mama wa Mmoja

*

Mama wa Mmoja,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimekaa, ya pili nimesimama. Nimemwomba mhariri aiache iruke foleni, kwa sababu Jumamosi haingoji zamu.

Umejaza kurasa mbili kumtafuta mwanamke ambaye hujamwona hata unywele wake. Moto ulioushika kwa mkono umeupa mistari mitatu, tena unaanza na "nilitaka kusahau"! Godoro limeungua, binti yangu. Hilo doa si la chai.

Nimempigia fundi umeme wa magari, mtu mzima aliyezeekea chini ya malori, nikamsomea maneno yako. Pale pa karatasi ya sigara aliniambia, "Mama, soma tena, sijasikia vizuri." Nikasoma. Akaguna. Fyuzi, anasema, imewekwa ili ife yenyewe kabla ya waya kuungua. Umeme ukizidi, yenyewe inakatika na hakuna kinachopita tena. Karatasi ile haikatiki. Umeme unazidi kupita, waya unachemka, na waya wenu umelalia godoro. Wewe ulimwondoa mlinzi mlangoni kwa wivu, mumeo akaweka sanamu la mlinzi kwa uvivu. Mmesaidiana vizuri sana.

Na usiende sasa kuirudisha kimyakimya ile uliyoificha ukidhani umemaliza. Waya umeshaumia. Huo ni wa kutupwa.

Sasa hadithi ya betri, maana hapo ulicheka mapema. Lori kubwa la zamani lina betri mbili zilizofungwa pamoja, zote zinalilisha lori. Vitu vya kuchajia vingi vinataka nguvu ya betri moja tu. Fundi wa kweli anafunga kifaa cha kupunguza volti, kinachota kwa zote mbili sawasawa. Fundi simu kafanya nini? Fundi wangu anakisia, na mimi nimekubali, kwamba alivuta umeme wa soketi kwenye betri moja akaiacha nyingine. Mapacha wako hawali sahani moja tena: mmoja anaporwa chakula, mwingine anashibishwa mpaka anaharibika. Asubuhi lori haliwaki. Kwa hiyo huenda mumeo, kwa jambo hilo, amekueleza ukweli mtupu na wewe ukamhukumu.

Na nikuulize jingine. Siku nne za wiki, kwenye lile godoro, analala nani? Si dereva? Mtu aliyelala pale akakosa moto anaweza kuwa mwenye kitanda. Simsafishi, sikiliza vizuri. Chaja ya mdomo wa duara simjui mwenye nayo, na feni ambayo haijanunuliwa nami inanikera. Kuna jambo hasemi. Lakini wewe pia una kopo la poda ambalo hulisemi, kwa hiyo kwenye kuficha nyote mko shule moja. Wifi yako mwache na vicheko vyake; yeye halali mle.

Ninayemshuku mimi ni fundi simu. Mtu anayejua kutengeneza simu amepewa lori kwa sababu ana maneno matamu. Ungempa kinyozi akung'oe jino?

Fanya hivi, na ufanye leo, gazeti likiwa bado mkononi. Akiwa njiani, mpigie. Usianze na "yule mwanamke." Anza na kosa lako: "Baba, fyuzi ya nyuma niliichomoa mimi, na ile karatasi uliyoweka inaunguza godoro." Mwambie asimame mahali salama, azime lori, atoe kichwa cha waya cha upande wa hasi kwenye betri, kisha achomoe karatasi ile na asiguse zile soketi tena. Atakasirika. Mwache akasirike lori likiwa limesimama.

Akirudi, lori liende kwa fundi umeme wa magari na wewe uende naye, kwa sababu macho yako ni makali na safari hii yatafanya kazi ya maana. Uone fyuzi imefungwa karibu kabisa na betri, siyo kule mwisho kwenye soketi. Uone kila soketi ina waya wake mnene, na fyuzi haizidi uwezo wa waya huo. Pale waya unapotoboa bati, pavishwe mpira, maana bati linakata ngozi ya waya taratibu kila lori linapotikisika. Hicho kipunguza volti kiwepo. Fundi aunge soketi hizo ili zife ufunguo ukitolewa, betri ziache kunyonywa Bibi akiwa amelala. Na ile ya nyuma ihamishwe juu, mbali na godoro na mikono ya mtoto. Fundi akisema, "Haina shida mama, hivi hivi inatosha," mwambie akuonyeshe fyuzi kwa kidole. Akishindwa, tafuta mwingine.

Umeniuliza umkabili au umchunguze. Mkabili, lakini kwa swali moja lililonyooka, mkiwa mmekaa, na chaja ile mezani: "Hii ni ya nani?" Kisha unyamaze umwache ajibu. Kuchomoa vidude kwenye gari la watu siyo kuuliza.

Na kama Jumamosi itafika lori halijapita mikononi mwa fundi, hata akuapie kwa jina la mama yake, wewe na mtoto mnapanda basi. Wivu utakungoja mpaka urudi, huo hauna haraka. Mtoto wa miezi minane hajui kushuka garini mwenyewe.