Kahawa Kabla ya Kupima Mapigo ya Moyo

Kanazi, Jumamosi usiku, 1968

Na kahawa niliigawa kwa mikono yangu mwenyewe! Wazee waliopigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili walikuja kupimwa moyo, kwa kuwa utafiti wetu unauliza kwa nini wengi wao hushtuka usingizini hadi leo. Mimi, daktari mwenye adabu zote za Kihaya, nikawakaribisha kwa kikapu cha kahawa ya kutafuna. Kisha nikahutubia: Uhuru, Ujamaa, afya ya mkulima. Ufasaha wangu ulinilevya. Wao wakatafuna, nami nikatafuna nao.

Nilipoanza kupima, kila moyo ulikuwa mbioni. Nikafurahi kama mgunduzi, mpaka nilipojipima mwenyewe: mbio zilezile. Kumbe ni kahawa!

Ikanibidi kusimama tena, safari hii bila ufasaha, kuwaomba warudi Jumatatu wakiwa hawajatafuna kitu. La sivyo utafiti wote...

Wakaangua kicheko. "Daktari, umetulisha wewe, sasa unatufukuza?" akasema Ta Felisiani, yaani Baba Felisiani kwa heshima ya Kihaya, mzee anayeshtuka usingizini kuliko wote.

Alipoaga alinishika bega. "Nitarudi, mwanangu. Ila siku hiyo usihutubie. Nataka nikueleze ninachokiota."

Nikajibu, "Ndiyo, Ta." Ndiyo hotuba yangu pekee ya leo yenye maana.