Fisi mwenye mtoto mgongoni

Rafiki yangu Maneno, mtaa mzima wa Biryogo umenicheka leo!

Nilimpeleka mwanangu Mahoro kuona video ya katuni. Fisi mzee akaokota kifaranga cha bata, akakifunga mgongoni. Shami, yule fundi cherehani, akanigeukia: "Bwana, si wewe huyo, na kitenge cha marehemu mkeo?"

Kitenge cha marehemu! Mbele ya mtoto!

Ningefanyaje, zaidi ya kumfunga Mahoro mgongoni? Wakubwa wa serikali ndio walifunga barabara, mke wangu akajifungua akafia pale pale kwenye kizuizi cha barabarani. Nani kati yao alikuja kumbeba mtoto?

Lakini kilichoniua ni mwisho wa katuni. Mama bata akarudi kumchukua mtoto wake. Mahoro akaniuliza, "Papa, na mama yangu anarudi leo?"

Sasa amekaa mlangoni, anangoja. Mvua inaingia ndani, Maneno, nami nashindwa kufunga mlango.