Jinsi ya Kumpigia Kelele Mzee Juu ya Barafu

Jumapili, saa kumi na moja jioni, Sharpstown, Houston. Mwezi wa pili huu lakini nje kuna joto la kijinga, unyevu mpaka simu inateleza mkononi. Nimekaa kwenye ngazi za apatimenti. Ndani mama anaongea na shangazi kwenye simu kuhusu mimi, na anadhani sisikii.

Sina hasira. Sina furaha pia. Niko kama mtu anayeangalia video ya mtu mwingine.

Naona tangu jana blogu hii imepata wasomaji wapya, na najua mmetoka wapi. Mmetoka kwenye ile klipu. Haya, karibuni. Mimi ndiye yule msichana anayepiga kelele. Yule anayepigiwa kelele ni Mzee Salvatori, baba yangu wa ubatizo, mwenyekiti wa kwaya ya Warundi hapa Houston, mtu ambaye kule kambini Tanzania alinifundisha kusoma kwa herufi za kwenye magunia ya unga wa msaada.

Nimemwita mzembe. Mbele ya Wakenya.

Ngoja nieleze tulifikaje huko, maana klipu ina sekunde kumi na mbili tu na mmeshahukumu.

Mchezo unaitwa curling. Unalo jiwe lenye mkono wa kushikia, kilo karibu ishirini, unalisukuma liteleze kwenye barafu mpaka kwenye duara lililochorwa upande wa pili. Ukifagia barafu mbele ya jiwe kwa brashi, jiwe linafika mbali zaidi na linanyooka. Usipofagia linapinda, linachoka, linasimama njiani. Mwenye jiwe lililo karibu zaidi na katikati ya duara anapata pointi. Basi. Nimeueleza wote kwa maneno machache kuliko anayotumia mama kuombea chakula.

Niliuona kwa mara ya kwanza kwenye TV ya chumba cha mapumziko kazini, warehouse moja kule Stafford. Nilisimama na chapati mkononi mpaka break ikaisha na chapati sijaila. Wiki hiyo nikatazama kila video niliyoipata. Usingizi nilisamehe. Sikuwa na barafu, sikuwa na jiwe. Nilikuwa na gunia la mchele la pauni arobaini, karibu uzito uleule, na plastiki ile tunayozungushia mizigo. Nikalifunga gunia mpaka likang'aa kama yai, nikalisukuma kwenye sakafu.

Lilikwenda! Yaani lilikwenda!

Mzee Salvatori anaendesha forklift ya kunyanyulia mizigo palepale. Akazima mashine, akashuka, akaliangalia gunia. Hakuuliza kitu. Akaenda kuchukua ufagio.

Ndivyo tulivyoanza. Baadaye tukapata klabu hapa Houston, wastaafu wengi, watu waliokulia kwenye theluji wakakimbilia Texas, na wakatupokea vizuri. Tukachagua kucheza wawili wawili, mwanamke na mwanaume. Wawili tu kwa sababu hatukupata Mrundi wa tatu anayekubali kusikia baridi kwa hiari.

Halafu chama cha michezo cha nyumbani kikatusikia. Wakasema wanaweza kutusajili kwenye mashindano ya kufuzu ubingwa wa dunia, kwa jina la Burundi, bendera na kila kitu. Uraia si tatizo, tunao wa huku na wa nyumbani hatujaupoteza. Tatizo ni kwamba nafasi ni moja, na kuna jozi nyingine ya Warundi walioko Ulaya nao wanaitaka. Bwana wa chama akasema ataitazama mechi yetu ya Jumamosi kule Plano, moja kwa moja kwenye simu, halafu ataamua.

Sasa sikilizeni shida yetu. Mzee akirusha jiwe, mimi nasimama upande wa pili, kwenye duara. Kutoka huko ndiko unaona kama jiwe lina nguvu au halina. Yeye akishaliachia anainuka na kukimbia nalo, brashi mkononi, kichwa chini, haoni mbele. Mimi ndiyo macho yake. Kwa hiyo lazima nipige kelele: fagia, acha, fagia tena. Umbali ni mkubwa, uwanja una mwangwi. Kila mtu kwenye mchezo huu anapiga kelele kama anafukuza ng'ombe shambani.

Na mimi siwezi.

Kwetu sauti ya juu ni ya mlevi au ya mtu aliyeibiwa. Kwa mkubwa unashusha sauti. Ukimpa kitu unampa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeushika ule wa kulia. Hicho ni kitu kilicho kwenye mwili, si kwenye kichwa. Kuna siku klabuni nilijikuta nimeinama kidogo wakati namwambia afagie. Nilikuwa nasema hivi, naapa: "Mzee, samahani, kama inawezekana, fagia kidogo." Nikifika kwenye "inawezekana" jiwe lishasimama.

Miezi mitatu hivyo. Yeye nikirusha mimi hana tabu hata kidogo: "Odeta! Sugua! Sugua mwana, umekula au hujala?"

Jumamosi alfajiri tukashika barabara kuu ya I-45 kwenda Plano, yeye anaendesha. Tulipopita Huntsville akasema, "Leo niite Salva. Bila mzee."

"Siwezi."

"Jaribu. Nimeshika usukani, siwezi kukupiga."

Nikavuta pumzi. "Salva..."

"Eeh, endelea."

"...tori. Mzee Salvatori."

Alicheka mpaka akapitiliza exit ya petroli.

Wakenya, wapinzani wetu, walikuwa wanatusubiri Plano. Njeri ni nesi, alikuwa ametoka shifti moja kwa moja na bado ana nguvu za kutania watu. Kevo anafanya kazi kwenye ofisi moja kubwa hukohuko, mtu wa kompyuta. Nao walikuwa wametafuta nafasi ya Kenya, na yao walishapewa, kwa hiyo walikuwa wamelegea, wanacheka. Simu yenye bwana wa chama tuliiweka kwenye kimti cha kamera. Uso wake ulikuwa mdogo kama stempu, haucheki.

Raundi nne za kwanza tuko nyuma. Mawe yangu yalikuwa mazuri, ya Mzee yalikuwa yanafia njiani, na sababu ilikuwa mimi. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema samahani kwenye uwanja wa barafu, kama nimekanyaga mtu kanisani.

"Aki Burundi!" Njeri akapaza sauti. "Hiyo jiwe itangoja umalize kuomba msamaha?"

"Mwache bana," Kevo akamjibu. "Anaandika barua kwanza."

Hata mimi nilicheka. Mzee hakucheka. Alinitazama tu kutoka upande wa pili, mbali kabisa, ameegemea brashi.

Tukarudisha pointi moja, halafu mbili. Si kwa sababu nilipiga kelele. Mzee alianza kukisia mwenyewe afagie lini, na alibahatisha. Raundi ya mwisho tukawa sawa, limebaki jiwe moja, letu, la Mzee. Jiwe la Njeri lilikuwa karibu na katikati. Lazima la kwetu lilipite, likae karibu zaidi.

Akaliachia. Nikaona papo hapo: halina nguvu. Sekunde ya pili nilikuwa najua kabisa, kama unavyojua simu inaanguka kabla haijafika chini. Nikafungua mdomo. "Mzee, sama..."

Nikanyamaza. Jiwe linakuja polepole, Mzee pembeni yake kichwa chini, brashi iko hewani, anasubiri neno langu. Sijui nilikaa muda gani. Kwenye klipu haionekani, klipu inaanzia mbele.

"SALVA! FAGIA! Fagia mzembe we, unangoja nini!"

Watu wa barafu ya jirani waligeuka. Mzee akalala juu ya ile brashi na mwili mzima, mita kumi za mwisho, mabega yanapanda na kushuka mpaka nilisikia anavyohema. Jiwe likatambaa. Likalipita la Njeri kwa upana wa kidole, likatulia.

Tumeshinda.

Bwana wa chama akasema kwenye simu, "Jozi imekubaliwa. Natuma fomu, irudi Jumatatu kabla ya saa sita mchana." Akakata. Sentensi mbili na ndoto yangu yote imo ndani. Njeri akanikumbatia, anarukaruka. Rafiki yake alikuwa amerekodi. Njeri aliituma kwenye group yao bila ubaya wowote, na vile vikatuni vya kulia kwa kucheka. Tulipofika Corsicana ilikuwa imeshaingia kwenye group ya parokia yetu.

Mama alikuwa amepiga mara kumi na moja.

Mzee hakusema neno kutoka Plano mpaka Houston. Masaa manne. Aliendesha kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa nahesabu mabango ya barabarani na kujiambia, umepata nafasi, umempoteza mtu, ndiyo imeshakuwa hivyo. Nilijiambia kwa utulivu kabisa. Naandika hili kwa sababu watu wananiuliza kama nililia. Sikulia.

Mama ndiye aliyelia. "Mtu aliyekufundisha kusoma! Mimi nafanya usafi hotelini, naukimbia ufagio, we unasafiri masaa manne kuufuata, na ukifika unatukana watu!"

Kwetu msamaha hauendi mikono mitupu. Leo baada ya Misa tukaenda na kreti ya bia, mama mbele, mimi nyuma nimebeba. Mama Keti, mke wake, akafungua mlango bila kutabasamu. Ndani walikuwepo wazee wawili wa kwaya, sijui walialikwa au walinusa. Mzee amekaa kwenye kochi, bega la kulia limefungwa bandeji.

Mama akasema maneno ya kufungua. Halafu nikasema yangu, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba nimemkosea, kwamba ulimi ulikimbia, kwamba yeye ni baba yangu.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kelele si kosa," akasema. "Kosa ni kuchelewa. Ungeniita mwanzo ningefagia taratibu na jiwe lingefika. Uliniona nasubiri, ukanyamaza, halafu ukanimalizia umri wangu wote kwenye mita kumi."

Wazee wakacheka. Mama Keti hakucheka. "Na lile neno mzembe je?"

"Hilo ndilo la kreti," Mzee akasema. "Fungua tunywe."

Wakafungua. Kila mtu akalegea, mama akaanza hata kusimulia vituko vyangu vya utotoni. Mimi nilikuwa naangalia chupa ya Mzee. Aliipokea kwa mkono wa kushoto. Kwa watu wa rika lake, kupokea kitu kwa kushoto mbele ya wageni ni jambo ambalo hufanyi kama mkono wa kulia unanyanyuka. Nadhani hakuna mwingine aliyeona.

Kwa hiyo sasa niko kwenye ngazi na fomu iko kwenye simu. Jina la kwanza, langu. Jina la pili, Salvatori. Chini kuna nafasi ya mtu wa akiba, si lazima kujaza.

Yuko Pasi, anayepiga ngoma kwenye kwaya, ana miaka ishirini na nne na mabega kama kabati. Amekuja kwenye barafu mara mbili, ameanguka mara nyingi, lakini anajifunza haraka. Mashindano ni wiki sita kutoka leo. Bega la mtu wa miaka hamsini na moja, kwa wiki sita, mimi si daktari.

Nimeandika jina la Pasi. Nimelifuta. Nimeliandika tena.

Ningeweza kulituma kimyakimya. Mzee angekuja kujua kwa bwana wa chama, au asingejua kabisa mpaka siku yenyewe, na mimi ningesema sikutaka kumuumiza. Ingeonekana ni adabu. Ndiyo adabu niliyoizoea: kunyamaza mpaka jiwe lisimame.

Nikampigia.

Kwetu simu ya mkubwa inaanza na salamu, na salamu zina ngazi zake. Mchana, nyumba, watoto, afya, wageni kama wameondoka salama. Dakika tano kabla hujasema kilichokuleta. Alipopokea sikungoja hata aseme haloo.

"Mzee, nimeandika jina la Pasi kama akiba. Bega likiwa halijapona wiki mbili kabla ya safari, anaingia yeye."

Nikasikia vyombo vya Mama Keti vinaoshwa. Nikasikia mtu anacheka mbali.

"Umeshauriana na nani?"

"Sijashauriana na mtu. Nimeona mwenyewe. Nimeona chupa."

Maji ya kuoshea vyombo yakafungwa.

"Hapo umewahi," akasema. "Mwambie Pasi aje Jumanne, nimfundishe kuanguka vizuri. Na usinizike bado, wiki nne ni nyingi."

"Sawa."

Halafu, kama vile hatukuwa kwenye sebule moja saa mbili zilizopita, akakohoa kidogo na kuanza: habari za huko, mmeshindaje, mama hajambo? Nikamjibu zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya chini.