Kipimo Kimekubali

Dada Tumaini, shikamoo. Huku Mwanza mvua haijakatika tangu asubuhi. Leo kipimo ninachokitengeneza maabara kimekubali: ule utando mwembamba uliokuwa ukichanika kila mara umeyatambua mabaki ya dawa ya kuulia vijidudu yaliyomo kwenye maji ya ziwa. Nikageuka nimwambie mtu, kumbe ni Jumamosi, maabara tupu.

Nikashuka hadi kwenye feri ya Kamanga, nikamsimulia mama anayeuza samaki, sato wa mchuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Kwenu wameshajua?”

Nikasema bado.

“Basi kula kwanza, mwanangu, halafu uwaandikie.”

Nakuandikia hapahapa mezani kwake, ndiyo maana kadi hii inanuka mchuzi. Nimewakumbuka mno. Nibusie watoto.

Mdogo wako, Zawadi