Ombi Nililoliandika kwa Jina Lako

Nassor, mdogo wangu,

Miaka miwili hii sikukuandikia, maana nilikuwa nawadanganya watu juu yako. Kila aliyekuja matangani nilimwambia umekufa kwa ugonjwa wa moyo. Mama alinisikia, akaendelea kupokea pole.

Wewe hukujua yaliyopita siku ile kule Mawaleh, nyuma ya soko la mboga. Rafiki zako walikimbia kwa kuogopa kukamatwa. Mwenye duka ndiye aliyepiga simu, na wa mwanzo kufika alikuwa askari mmoja, jina lake Khamis. Alikukuta midomo imegeuka buluu, pumzi ungali nayo kidogo. Akakulaza ubavu, akakushika kichwa, akangoja gari la wagonjwa. Lilipofika, ulikuwa umeshakata roho. Na mimi nilikuwa zamu wodini. Ile sindano inayomrudishia pumzi aliyezidisha unga wa kulevya ilikuwa kabatini, funguo mfukoni mwangu.

Baada ya arubaini yako Khamis alinifuata hospitali. Nilidhani kaja kuniuliza nani alikuuzia. Akasema, "Dada, sisi ndio tunaofika mwanzo. Kwa nini dawa hiyo hatunayo garini?"

Nikauliza kwa wakubwa, nikaambiwa sheria inawaruhusu madaktari na wauguzi tu. Askari akimdunga mtu akafa, atashtakiwa yeye. Basi nikaazimia kuandika ombi sheria ibadilishwe. Lakini nani angelisoma ombi lisilo na mtu ndani yake? Ilinibidi nikuandike wewe, kwa jina lako na kwa unga wako.

Kabla ya kulipeleka nilimsomea Mama jikoni, anachambua mchele. Nilipomaliza hakuinua uso. Mkono ukaendelea na kazi yake, kisha akasema, "Mimi haya nnayo bado. Lakini kama itamfaa mwana wa mwenzangu, mtaje."

Nikakutaja. Nisamehe.

Jibu lilikuwa mistari mitatu: ombi limepokelewa, sheria iko vile vile. Nilichopewa ni ruhusa ya kuwafundisha askari kumpulizia mtu pumzi mdomoni mpaka sindano ifike. Khamis alikaa mbele, akampulizia mwanasesere wa mpira wa kujifunzia hadi jasho likamtiririka, na wenzake walipocheka hakugeuka.

Mwezi uliopita fundi mmoja alianguka kwa unga kiwandani, Rusayl. Khamis akafika, akampulizia palepale sakafuni mpaka gari la wagonjwa likaja, akadungwa. Fundi akafumbua macho, akatapika, akawatukana wote. Walipomleta wodini kwetu, mkewe alinibusu mikono. Nikampa maji, nikamwambia alhamdulillahi. Halafu nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikalia. Nilimwonea kijicho yule mwanamke, Nassor. Nilitaka aliyeamka awe wewe. Nakwambia kweli, bado nataka.

Leo asubuhi nimepeleka ombi la pili. Khamis katia saini, na mke wa fundi katia. Mama hakungoja kuombwa. Alivaa miwani, akaandika kwa mkono wake: "Mama wa Nassor, aliyekufa kwa unga."

Wakilikataa hili, nitaandika la tatu. Nakuahidi, madhali mkono wangu unashika kalamu.

Pumzika, mdogo wangu. Mungu akusamehe, akupanulie kaburi lako.

Dada yako,
Zuwena