Pete za Koo

Jumatano, 3 Machi 1954

Masikio kumi na tisa kabla ya chai. Nta, usaha, punje za mahindi, na kwa karani mmoja wa reli, mdudu mzima. Ndiyo kazi ya anayesomea upasuaji wa masikio, pua na koo. Kioo cha kichwani kimeniachia alama kwenye paji la uso.

Bwana Pell, daktari mpasuaji anayenifundisha, amekagua daftari langu. Lina safu tatu: nimeona, nimesaidia, nimefanya. Mbili zimejaa. Ya tatu nyeupe. Mwezi ujao anakwenda likizo kwao Uingereza. Akiiacha tupu, narudi kugawa dawa za kikohozi. Nimechoka kushikia watu taa.

Jumamosi, 6 Machi

Kwa Mzee Nasibu, mchinjaji. Ameniwekea tena mapafu ya mbuzi pamoja na koo la hewa. La sita hili. Majirani wanadhani napenda sana supu.

Nyumbani nimehesabu pete za koo, zile gegedu zake za mviringo, nikatoboa kati ya ya pili na ya tatu, kama atobolewavyo mgonjwa aliyezibwa koo, nikaingiza mrija, nikapuliza. Mapafu yakajaa. Tereza, mke wangu, amekataa kuyapika. Sijali. Mkono umekuwa mwepesi, na nataka Bwana Pell auone.

Jumanne, 9 Machi

Aibu. Mgonjwa mwenye uvimbe kooni, amelala mezani kwa dawa ya usingizi. Bwana Pell akanipa iodini niweke alama pa kutoboa. Nikapaka bila kusita.

Akatazama. "Hapo ungekata mshipa mkubwa. Angekufia mkononi."

Akatoboa mwenyewe, juu zaidi. Muuguzi Sesilia akainamisha macho, na hilo ndilo lililoniuma. Mstari mmoja zaidi kwenye safu ya pili. Namchukia Bwana Pell. Hapana, najichukia mwenyewe.

Jumatano, 10 Machi

Nimejua.

Alfajiri nilikwenda machinjioni kumtazama Mzee Nasibu akichinja. Akasema bismillahi, kisu kikapita chini kidogo ya koromeo. Pete za juu zikabaki kwenye kichwa. Mimi makoo yote sita nimeyahesabu kuanzia kisu chake kilipopita. Pete yangu ya pili ilikuwa ya nne au ya tano. Nimejifunza kosa kwa bidii zangu zote.

Nikacheka peke yangu hadi akaniuliza kama naumwa. Nilipomweleza, akanyoosha shingo. "Papasa hili basi, mwanangu. Ila kisu nashika mimi."

Nikapapasa. Koromeo, kibonde kidogo, pete moja ngumu, kisha nyembamba zinafuatana. Kumbe huanziwa juu.

Alhamisi, 18 Machi

Nimepapasa koo la kila anayenivumilia. Tereza. Kinyozi. Wanakwaya wa kanisani, safu ya sauti nzito yote. Wanene ndio kazi.

Leo nimemweleza Bwana Pell kosa langu na chanzo chake. Hakucheka. Akafungua kola ya shati, akaketi. Nikaweka kidole. Akasema, "Ndiyo," akafunga kola, akarudi kwenye chai yake. Jumatatu anapanda treni kwenda Kigoma, arudi Alhamisi.

Jumanne, 23 Machi

Sijavua hata aproni. Naandika hivyo hivyo.

Saa nne asubuhi wanaume wawili walisukuma baiskeli hadi mlangoni, na juu yake mzee. Mzee Mihayo, mrina asali wa Ipole, kaleta asali yake sokoni. Alimega sega amwonjeshe mteja, akatangulia kuonja yeye. Nyuki alikuwa ndani. Kamuuma kooni.

Ulimi umevimba, midomo imegeuka rangi, kifua kinavuta na hewa haipiti. Sesilia akanitazama. Hapakuwa na mwingine wa kutazamwa.

Nikaogopa. Kisha kidole kikaenda chenyewe: koromeo, kibonde, pete ngumu. Nikashuka. Ya pili. Nikakata. Damu, Sesilia akafuta, nikatoboa. Hewa ikaingia kwa mkoromo mbaya kuliko wote niliowahi kusikia, na mzuri kuliko wote. Nikatia mrija. Kifua kikapanda, kikashuka. Midomo ikarudi rangi yake.

Nimefanya. Mimi, kwa mikono hii. Nilitoka uani nikarukaruka nyuma ya jiko la hospitali, wapishi wananiona. Waone.

Alhamisi, 25 Machi

Bwana Pell karudi. Kaenda moja kwa moja kitandani kwa Mzee Mihayo, kaupima mrija kwa kidole, kaangalia mshono. Muda mrefu. Kisha kaomba daftari, kaandika mwenyewe kwenye safu ya tatu, katia sahihi. Kesho asubuhi mafindofindo mawili, natoa mimi, yeye atashika taa. Amesema hivyo hivyo: atashika taa.

Tereza kachinja jogoo. Nimemkataza kunionyesha shingo.

Jumapili, 28 Machi

Nimetoka misa, nikapitia wodini. Uvimbe umekwisha. Nimetoa mrija, nimefunika tundu kwa pamba na bandeji.

Siku zote hizi nimemwamkia Mzee Mihayo kila asubuhi, naye hujibu kwa kuinua mkono, maana sauti haikuwa na njia. Leo nikavuta kiti, nikaketi karibu.

"Shikamoo, mzee."

Akashika bandeji kwa vidole viwili. Akavuta pumzi.

"Marahaba."