Mchele wa Jumatano

Mama Flora,

Najua ukiniona nakuandikia barua utacheka kwanza. Utasema, "Baba, mbona unajitesa na kalamu wakati mdomo unao?" Lakini mdomo niliujaribu kule Usevya siku ya arobaini yako, mbele ya kaburi, ukakataa. Watu walikuwa wengi, jua kali, padre ananisubiri, nikabaki nasema asante, asante, mpaka mwanao Flora akanivuta shati nikae chini. Leo nina utulivu kidogo. Acha niseme.

Habari za chuoni ni nzuri kiasi. Ofisi yako imepakwa rangi upya. Wameweka meza ya kioo na viti viwili vinavyotazamana, na mlangoni kuna kibao kinachomwambia mwanafunzi aweke miadi kwanza. Mshauri mpya ni mtu mzuri, sina neno naye. Ila kile kiti cha mwanafunzi kinamtazama usoni moja kwa moja, na kila nikipita natamani nikigeuze. Nakumbuka ulivyokuwa unatuambia, "Mimi sikuangalii wewe. Naangalia mchele."

Na mimi Nestori wako wa Ugalla, yule wa kumwaga mchele, sasa ni msaidizi ofisini hapohapo. Wamenikabidhi kibaraza chako cha nyuma. Mkuu wetu alinieleza bila kuficha: nijaribu muhula huu mmoja. Wanafunzi wasipokuja, pale patawekwa mashine za kutoa kopi, na anayetaka kuongea ataweka miadi kama wenzake.

Roho iliniuma, Mama. Unajua mimi nisingeweka miadi.

Siku ile ya kwanza nilikuja kwako na begi langu tayari nimelifunga. Nilikuwa na sapu, mitihani ya kurudia, karibu kila somo, na kwetu Ugalla baba alishanitangaza kanisani kwamba mwanawe ni msomi. Nilitaka tu nionyeshwe ofisi ya kuahirisha masomo, halafu nipande basi nirudi nikaangalie mizinga ya nyuki. Nikakukuta kibarazani umekaa mkekani na wanafunzi, kila mtu na ungo mapajani, wanachambua mchele kana kwamba kuna harusi. Hukuniuliza jina. "Nawa mikono, baba, ukae. Ungo ule pale." Mimi mwanaume, kwetu ungo ni wa dada zangu! Niliushika vibaya, mchele ukamwagika, na wewe ukacheka mpaka ukajifuta machozi kwa kitenge. Kisha ukainama, ukaendelea na wako. Wote wakainama. Hakuna aliyenitazama tena jioni nzima, na sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipopumua vile.

Siku hiyo sikusema kitu, wala hukunisukuma. Tulipokuwa tunakunja mkeka ulisema tu, "Jumatano tena. Mchele hauishi." Nikarudi bwenini nikafungua begi nitoe ndala. Kesho yake nikatoa shuka. Ungeniuliza wakati ule kama nimeamua kubaki ningekataa, lakini begi lilikuwa linazidi kuwa jepesi.

Jumatano iliyofuata, nikiwa katikati ya kuokota mawe, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema namwogopa baba. Niliuambia ungo, si wewe. Wewe uliendelea kuchambua. Baada ya muda mrefu ukauliza, "Baba yako huwa anachekaje?" Basi. Mimi sikuwahi kuulizwa swali kama hilo. Nikaanza kueleza jinsi anavyoziba mdomo kwa kofia kwa sababu ya jino lililong'oka, mabega yanatikisika, sauti haitoki, na nikajikuta nacheka mwenyewe. Wiki hiyohiyo nikampigia simu, nikamweleza sapu zote. Akasema, "Rudia tu, mwanangu." Kumbe miezi yote ile nilikuwa nakimbia maneno hayo tu.

Nimekukumbuka sana, Mama. Nakumbuka mpaka ule mluzi wako wa nyimbo za kwaya, usiomaliza hata wimbo mmoja. Nakumbuka na tulivyokuwa tunakusema pembeni. "Mama Flora ametupata, vibarua wa bure." Tulisema nyumbani kwako mnakula wali uliochambuliwa na wasomi watupu. Na lile kopo lako la maziwa ya unga! Tukimaliza unapita nalo kukusanya mawe, na ole wake atakayeyarusha majanini. "Usitupe mawe, ni ya kuku wangu." Tukasema huyu mama ni bahili mpaka kwenye changarawe.

Basi ikafika Jumatano yangu ya kwanza bila wewe. Nilifagia, nikatandika mkeka, nikapanga nyungo. Na kwa kuwa nilitaka kukuenzi, nikaenda sokoni nikatafuta mchele mzuri kuliko wote, ule unaotoka mashineni umeshachaguliwa, mweupe, hauna hata punje ya mpunga. Nilirudi nao begani natembea kifua mbele.

Wanafunzi walikuja, tena wengi. Wakashika nyungo, wakapekua huku na huku, hawakuona cha kutoa. Muda si mrefu mikono ikalala. Wakainua vichwa. Wananitazama, nawatazama, mtu mmoja anakohoa. Binti wa mwaka wa kwanza anaitwa Kabula, mtoto wa Kisukuma, mpole sana, akauliza, "Kaka, sasa hapa tunafanya nini?"

Nikamjibu, "Tunaongea tu. Jisikie huru."

Jisikie huru! Maneno yalinitoka nikatamani kuyarudisha kwa mkono. Kabula aliweka ungo chini taratibu, akasema ana kipindi. Jumatano mchana chuo chetu hakina vipindi, wewe ndiye uliyepigania jambo hilo. Mmoja mmoja wakamfuata. Wiki iliyofuata tulikuwa mimi na nyungo.

Baadaye nilimwona Kabula mara kadhaa kwa mbali. Alikuwa anatembea kwa kuambaa ukuta, begi amelikumbatia kifuani. Huo mwendo naujua, nimeutembea. Niliogopa, Mama. Niliogopa kuliko nilivyoogopa zile sapu, maana sasa hakukuwa na wewe wa kumwachia.

Ndipo nikaenda Nsemulwa kwa Flora. Nilimkuta uani anaanua nguo, nikamweleza yote, nikamwomba anionyeshe ulikokuwa unanunua mchele wenye mawe mengi vile. Alinitazama kama mtu anayetaniwa msibani. Akasema mchele wenu hamnunui, unatoka shambani kwenu Mpimbwe, na mpunga mnauanika kwenye turubai, haugusi ardhi. Ukifika nyumbani unaoshwa tu unapikwa.

Nikamuuliza, na mawe je?

Akaingia ndani, akatoka na lile kopo. Akasema ulikwenda zamani mashineni Mwamkulu ukaokota mawe kwenye takataka za mchele, ukayachemsha, ukayaweka. Kila Jumatano asubuhi, kabla ya chai, unayamimina kwenye mchele msafi, unachanganya kwa mkono kama anayekanda unga. Jioni unarudi nayo. Wiki inayofuata yaleyale.

"Na kuku?" nikauliza.

"Kuku gani, Nestori? Sisi hatujawahi kufuga kuku."

Mama, nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa nikalia, na katikati ya kulia nikacheka, na Flora naye hivyohivyo. Nilifungua kopo. Lile jiwe jeusi lenye mstari mweupe, nililokuwa najisifu kwamba nina jicho kali la kuliona, lilikuwa humo, limekaa juu kabisa linanitazama. Miaka yote hiyo nilikuwa naliona jiwe moja! Sisi tulijiita vibarua wako, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unaamka mapema kutuandalia kazi.

Flora alinipa kopo, akaongeza na debe la mchele wenu.

Jumatano hii nilichanganya kabla ya chai. Sikubandika tangazo lolote. Nilimwona Kabula anapita, nikamwambia nimezidiwa, mchele una mawe balaa, anisaidie kidogo. Alisita, akaweka begi chini, akanawa. Wawili watatu waliokuwa wanapita wakaona nyungo zimezidi, wakakaa. Mkuu naye alichungulia, akafungua mdomo kuuliza kitu, nikampa ungo. Anashika vibaya kuliko mimi. Zile mashine za kopi hakuzitaja.

Tukachambua ungo baada ya ungo. Nilijaribu mluzi wako nikashindwa. Halafu Kabula, macho yake yakiwa kwenye mchele, akaanza kusema.

Alichosema sikuandikii, hata wewe. Ulinifundisha hivyo. Nilichofanya ni kuendelea kuchambua, na alipomaliza nikamuuliza swali moja dogo, kama lile lako. Akajibu. Kesho nitamsindikiza kwa mshauri mpya, ameomba mwenyewe, na nimeshaongea na yule bwana, amekubali kukigeuza kiti.

Tulipokuwa tunamaliza, Kabula aliinua jiwe kati ya vidole vyake viwili, jeusi, na mstari mweupe. "Kaka, tazama hili! Lingemvunja mtu jino." Uso wake ulikuwa umefunguka. Akanyoosha mkono alitupe majanini, na mimi nikaruka na kopo kabla sijajua ninachofanya.

"Usitupe," nikamwambia. "Ni la kuku wangu."

Alinitazama, akamgeukia mwenzake, wakacheka kwa chini. Nikajua nimeshaitwa bahili.

Pumzika salama, Mama. Nikipata nafasi nitakuja Usevya na Flora tupalilie pale ulipolala. Mengine yote yanaweza kubadilika hapa chuoni, lakini hili nakuahidi: kuku wako hawatalala njaa.

Mwanao,
Nestori